Mama yuko wodini, asainimenti ni Ijumaa: nimwongezee siku ngapi?

SWALI

Habari za kazi, ndugu washauri.

Mimi ni mkufunzi wa chuo cha kati hapa Mtwara, nafundisha somo moja kwa darasa la stashahada lenye wanafunzi 96. Kozi weki yangu, yaani kazi za muhula kabla ya mtihani, ina alama 40: majaribio mawili ya alama 10 kila moja, asainimenti binafsi alama 10, kazi ya kikundi alama 10. Asainimenti niliitoa wiki mbili zilizopita na inafungwa Ijumaa hii saa 10 jioni, wiki ya 11 ya muhula. Alama zote natakiwa kuzikabidhi kwa mratibu wa mitihani Ijumaa ya wiki ya 14. Mitihani inaanza wiki ya 16.

Tangu Jumatatu nimepata mambo manne mezani. Binti mmoja, mama yake kalazwa hospitali ya Ligula na yeye ndiye anayemuuguza, siku ya tisa leo. Hata jaribio la pili hakufanya. Kijana wa Tandahimba kafiwa na baba Jumapili, akaondoka usiku huohuo, taarifa kaleta mwenzake. Wa tatu kafungiwa akaunti ya mfumo wa chuo kwa sababu ada haijatimia, kwao wanasubiri fedha ya korosho. Wa nne ana wiki tatu tangu ajifungue. Huyu hajaomba chochote, nimeambiwa na kiongozi wa darasa.

Muhula uliopita nilimwambia mwanafunzi aliyekuwa na shida, "Leta ukiwa tayari." Hakuleta. Ikaingia sifuri, akarudia somo, na hadi leo naona nilimwangusha mimi. Wenzangu nao wananionya kwamba nikianza kuongeza muda, nusu ya darasa itafiwa na bibi. Sitaki kudanganywa, wala sitaki kumwadhibu mtu aliye wodini. Niongeze siku ngapi? Nidai uthibitisho gani? Na mamlaka yangu yanaishia wapi?

Mkufunzi, Shangani

JIBU

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa uzito wa wiki hii, hongera kwa kuuliza Jumatano badala ya kusubiri Ijumaa jioni.

Tuanze na lile lililokuuma. "Leta ukiwa tayari" ni maneno ya huruma, lakini ndiyo nyongeza ya muda inayoangusha wanafunzi kuliko zote. Mwanafunzi mwenye matatizo hana somo lako peke yake. Ana masomo mengine matano au sita yenye tarehe, na yenye tarehe ndiyo anayoyafanya kwanza. Lako lisilo na tarehe linashuka chini kila siku. Baada ya wiki mbili anaona aibu, anakukwepa koridoni, anaanza kukosa kipindi chako ili usimuulize, na hapo anapoteza hata yale aliyokuwa anayamudu. Kwa hiyo kila unachotoa leo kiwe na siku, tarehe na saa, na kiwe kimeandikwa.

Sasa hesabu mfuko wako kabla ya kuugawa. Unakabidhi alama Ijumaa ya wiki ya 14. Kusahihisha kazi za waliochelewa, kuzijumlisha na kuwapa wanafunzi siku moja ya kukagua alama zao kutakula siku nne. Maana yake kazi ya mwisho kabisa unaweza kuipokea Jumatatu ya wiki ya 14 asubuhi. Kutoka Ijumaa hii mpaka Jumatatu hiyo ni siku 17. Huo ndio mfuko wote, na usimpe mtu yeyote siku zote 17 kwa mkupuo mmoja. Anayepewa 17 huanza siku ya 14, na likitokea jingine huna tena pa kumsogeza. Toa awamu ya kwanza, bakiza ya pili.

Kanuni ya kugawa ni hii: usipime majonzi, pima siku. Huna mizani ya kujua nani ameumia zaidi, na ukijaribu utampendelea anayejua kulia mbele yako. Uliza jambo moja tu: kati ya zile siku 14 za asainimenti, ni ngapi hakuweza kukaa akaandika? Mrudishie hizo, ongeza mbili au tatu za kujikusanya, na anza kuhesabu siku atakayoweza kukaa, siyo siku aliyoomba. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu anapewa siku saba akiwa bado wodini, siku saba zinaisha akiwa bado wodini, na mwalimu anaona amemsaidia.

Binti wa Ligula amepoteza siku tisa, na bado zinaendelea. Yeye si mgonjwa, kwa hiyo usimtume kuleta cheti cha daktari. Hospitali humwandikia mgonjwa, na anayeuguza hurudi mikono mitupu. Anachoweza kupata ni karatasi fupi ya muuguzi mfawidhi wa wodi inayosema anamhudumia mgonjwa aliyelazwa tangu tarehe fulani. Ugonjwa wenyewe usiuulize, haukuhusu. Na usiufanye uthibitisho kuwa mlango wa kuingilia: mpe nyongeza leo kwa simu, karatasi ailete ndani ya siku saba baada ya kutoka wodini. Muulize pia kama kuna ndugu wa kumpokea hata kwa saa tatu kwa siku. Wakati mwingine shangazi au mdogo wake yupo, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mtoto ana kazi ya chuo yenye alama.

Kwake angalia pia hesabu ya alama, maana ndiko hatari iliko. Tuseme jaribio la kwanza alipata 6 na kazi ya kikundi 7. Ana 13. Vyuo vingi huweka kiwango cha chini cha kozi weki ambacho bila hicho mwanafunzi haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Ikiwa kwenu ni 16, binti huyu amepungukiwa 3, na vitu viwili bado havijafanyika vyenye alama 20. Anza na jaribio. Ni kazi ya saa moja, halihitaji kompyuta wala intaneti, na likienda hata kwa 4 tu amevuka. Lipange wiki ya 13, kwa karatasi mpya kabisa, kwa sababu maswali ya lile walilofanya wenzake yameshazunguka kwenye grupu la WhatsApp na majibu yake. Asainimenti ifuate, mwisho Jumatatu ya wiki ya 14. Huyu ni mmoja wa wachache ambao utawapa mwisho wa mfuko, kwa kuwa wodi haina tarehe. Usiuweke mwisho huo peke yake. Mpangie vituo vya njiani, kama tutakavyoeleza.

Hapa mamlaka yako yanaanza kupungua, na ni vizuri kuyajua kabla hujaahidi. Kusogeza tarehe ya asainimenti uliyoitunga mwenyewe kwa kawaida ni mikononi mwako. Kurudia jaribio lililopita huhitaji mkuu wa idara ajue na aweke sahihi. Mtihani wa mwisho wa muhula huna kauli nao: mwanafunzi huandika barua kwa uongozi wa taaluma, kabla ya siku ya mtihani, akiomba mtihani maalumu. Aliyekosa mtihani bila barua huhesabiwa amekimbia, hata kama alikuwa makaburini. Na mtihani unaotungwa nje ya chuo hata mkuu wa chuo hawezi kuusogeza. Kuahirisha muhula au mwaka kuna ngazi zake na tarehe zake ndani ya kanuni za mitihani za chuo chenu. Kitabu hicho kisome usiku wa leo. Kurasa zinazohusu kozi weki, kuahirisha na alama isiyokamilika ni chache.

Kuhusu alama isiyokamilika tusisitize jambo. Sifuri na nafasi iliyo wazi si kitu kimoja. Ukijaza 0 mfumo unaihesabu kama alama aliyoipata, unajumlisha na kutoa uamuzi. Matokeo yakishapita kwenye kikao na kutiwa sahihi, kuibadilisha 0 hiyo ni safari ya barua kupitia idara mpaka kamati, na wakati mwingine haifiki. Kabla ya wiki ya 14 nenda kwa mratibu wa mitihani umuulize namna wanavyoandika kazi ambayo haijakamilika kwa sababu inayokubalika. Nenda na majina na maandishi, siyo maelezo ya mdomo.

Kijana wa Tandahimba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi angalau siku nne za likizo. Mwanafunzi si mfanyakazi, lakini kipimo hicho kinakupa sakafu ambayo hakuna atakayekulaumu kwa kuitumia: siku nne, ongeza siku ya kwenda na ya kurudi, ongeza siku mbili za kujikusanya. Nane. Alipewa asainimenti wiki moja na siku kadhaa kabla ya msiba, kwa hiyo huenda ameshaandika kitu. Mpe mpaka Jumatatu ya wiki ya 13 saa 4 asubuhi, ambayo ni siku kumi kutoka Ijumaa hii. Uthibitisho wa msiba ni barua ya mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, alete atakaporudi. Usimpigie simu leo. Mtumie ujumbe mfupi kupitia mwenzake: "Pole sana kwa msiba wa mzee. Asainimenti yako imesogezwa hadi Jumatatu ya wiki ya 13, saa 4 asubuhi. Huna haja ya kujibu sasa." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Mtu aliyekaa mkekani na wafiwa hatakiwi kutafuta mtandao ili akujibu wewe.

Kuna kitu kingine kwake ambacho hakuna anayekihesabu mapema. Baba kafariki Jumapili. Ikiwa nyumbani kwao wanasoma arobaini, siku ya 40 ukihesabu na hiyo Jumapili inaangukia Alhamisi ya wiki ya 16, katikati ya mitihani yenu. Akiwa mtoto wa kiume wa marehemu atatakiwa awepo. Akirudi tu mkalishe, mpe ratiba ya mitihani, akaongee na baba zake wadogo mapema. Familia nyingi hukubali kusogeza shughuli hadi Jumamosi au Jumapili ikiwa wameambiwa kabla ya kualika watu na kununua mchele. Wakiambiwa siku tatu kabla hawawezi tena. (Ukiwahi kuwa na mwanafunzi aliyefiwa na mume, eda ni miezi minne na siku kumi. Huo ni muhula mzima, na hakuna nyongeza ya asainimenti inayotosha. Mpeleke mapema kwa mshauri wa wanafunzi wapange kazi za kufanyia nyumbani au kuahirisha.)

Wa tatu, wa korosho, tatizo lake halitibiwi kwa siku hata kidogo. Amekosa mlango, muda anao. Ukimwongezea wiki mbili akaunti itakuwa bado imefungwa. Mpokelee kazi kwa mkono, Ijumaa hiihii kama wenzake, iandike tarehe na saa juu yake, mtie sahihi wote wawili, isahihishe pamoja na nyingine. Alama itaingia mfumoni akaunti ikifunguliwa. Upande wa ada ni kazi ya mhasibu na huwezi kumwamulia, lakini unaweza kumwambia kijana aende na kitu cha kuonyesha. Mkulima akipeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi cha ushirika hupewa stakabadhi yenye kilo zake. Baada ya hapo mzigo unasubiri ghala kuu, mnada, kisha malipo benki, na kati ya stakabadhi na fedha hupita siku ambazo mkulima hana namna ya kuziharakisha. Nakala ya stakabadhi hiyo pamoja na barua ya mzazi ya kuahidi tarehe ni hoja nzito kuliko maneno "tunasubiri korosho". Kila mwaka muhula wa kwanza hukutana na msimu wa korosho. Kwa vyuo vya Mtwara na Lindi jambo hili si la ghafla, na tunaona ni haki idara ikae na mhasibu mwezi Oktoba, si Januari.

Mama wa mtoto mchanga ndiye tunayemwogopea zaidi, kwa sababu hajasema. Mfanyakazi angekuwa na siku 84 za uzazi kwa sheria ileile. Yeye sheria hiyo haimgusi, anategemea kanuni za chuo na utu wenu. Usimuite mbele ya darasa, wala usimtume kiongozi wa darasa arudi na maswali. Mwombe mkufunzi wa kike au mlezi wa wanafunzi akae naye dakika 20 na kumwekea mezani njia tatu: abaki na tarehe ya Ijumaa, achukue siku kumi, au aahirishe muhula. Amueleze na matokeo ya kila moja. Kuahirisha kuna gharama zake: atarudi na darasa asilolijua, na kama ana mkopo wa serikali aonane kwanza na ofisa mikopo wa chuo kabla ya kusaini lolote, maana fedha hufuata usajili. Akichagua kuendelea, kwenye kikundi apewe sehemu inayofanyika kwa vipande vya nusu saa kwa simu, kama kukusanya takwimu au kuhariri, isiwe ya kukutana jioni maktaba. Na mratibu wa mitihani aambiwe mapema kwamba atahitaji kutoka kunyonyesha. Asubuhi ya mtihani msimamizi mlangoni hana mamlaka ya kulipanga hilo.

Kwa wote unaowapa zaidi ya siku tano, fikiria pia ukubwa wa kazi. Kama asainimenti ni kurasa sita na maswali matano, tazama matokeo ya ujifunzaji yanayopimwa, yaani yale mwanafunzi anayotakiwa kuonyesha kwamba ameyajua. Mara nyingi maswali mawili kati ya matano yanapima kitu kilekile. Kurasa tatu zinazogusa matokeo yote ni kazi halali, na mara nyingi zinaokoa kuliko wiki ya ziada. Usishushe ugumu, punguza wingi.

Vituo vya njiani viwe hivi. Siku ya tatu baada ya kuanza kuhesabu, akuletee aya ya kwanza na vichwa vya sehemu, hata kwa picha ya simu ya karatasi aliyoandika kwa mkono. Katikati ya muda, nusu ya kazi. Usiisahihishe, tazama tu kama ipo. Kituo cha kwanza kikipita kimya, umeshajua mapema na bado una siku za kumpeleka kwa mshauri wa wanafunzi. Ukisubiri tarehe ya mwisho ndipo ujue, hakuna cha kufanya.

Maandishi yenyewe hayahitaji barua ndefu. Mistari mitatu inatosha: "Asainimenti yako ya somo hili imesogezwa kutoka Ijumaa ya wiki ya 11 hadi Jumatatu ya wiki ya 14, saa 4 asubuhi. Utajibu swali la 1, la 3 na la 5 tu, kurasa tatu, kwa mkono au kwa kuchapa. Hutakatwa alama za kuchelewa kabla ya saa hiyo; baada yake kanuni ya kawaida inatumika." Nakala kwa mkuu wa idara. Kwenye daftari lako andika jina, tarehe ya zamani, tarehe mpya, na "uthibitisho umeonekana". Habari za ugonjwa au uzazi zisiandikwe hapo, na tarehe za mtu zisitangazwe kwenye grupu.

Tumebakiza bibi wa wenzako. Wanafunzi wengi wanaozusha msiba hawana msiba, ila wana tatizo dogo wanaloliona haliheshimiki: bando limeisha, umeme umekatika, flashi imekula faili, steshenari ina foleni ya watu 30 Ijumaa saa 9 na mashine ni moja. Wape njia ya kusema kweli. Tangaza kwa darasa zima kwamba kila mwanafunzi ana saa 48 za akiba kwa muhula, mara moja, bila swali na bila karatasi, mradi atume ujumbe kabla ya saa ya kufunga. Zinazozidi hapo ndizo zinazohitaji uthibitisho. Na wewe acha kufunga kazi Ijumaa jioni. Funga Jumatatu saa 4 asubuhi, na ukubali mwandiko wa mkono unaosomeka. Malalamiko ya steshenari yatapungua sana kwa hayo mawili.

Kwa haki ya wale 92 waliobaki, kazi zao zisahihishe kwa wakati lakini usizirudishe wala usijadili majibu darasani kabla ya Jumatatu ya wiki ya 14. Wakiuliza, waambie zinarudi siku hiyo. Usieleze kwa ajili ya nani.

Na shida ikiwa ya wote, usiwafanye waombe mmojammoja. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti chini ya bahari zikakatika, hapakuwa na cha kuthibitisha. Siku kama hizo tarehe inasogezwa kwa darasa zima kwa tangazo moja.

Binti mpigie leo, saa ambayo wageni hawajaingia wodini na bado anaweza kusogea pembeni kuzungumza. Mwambie tarehe ya jaribio na tarehe ya asainimenti, kisha mtumie hayohayo kwa maandishi, maana akirudi kitandani kwa mama hatakumbuka ulichosema.